Maswali ya Wasomaji: Unapokimbia, Jicho Lifanye Kazi Gani?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wenye tope viatuni na weusi wa penseli vidoleni. Tumezijibu kwa kadiri ya uzito wake: nyingine zimepewa nafasi kubwa, nyingine mistari michache.

Wapendwa wahariri, nakimbia kilomita 6 hadi 8 mara nne kwa wiki, njia ya msituni. Nikiwa huko naona mambo ya kuchora mpaka nachanganyikiwa. Nikirudi nyumbani na kushika karatasi, kichwa kitupu. Je, nibebe daftari niwe nasimama njiani?
*Mkimbiaji wa alfajiri*

Daftari liache nyumbani. Ukisimama kila dakika tano, mbio zitavurugika na mchoro utakuwa wa haraka haraka tu. Tena tatizo lako halitokani na kumbukumbu mbovu. Hujaipa kumbukumbu kazi ya kufanya. Jicho linalopita juu ya miti mia huku likisema "pazuri hapa" halijaona hata mti mmoja.

Kuchora kwa kumbukumbu ni ujuzi unaofundishika. Huko Paris, katika karne ya 19, mwalimu Horace Lecoq de Boisbaudran aliwazoeza wanafunzi wake, miongoni mwao Auguste Rodin na Henri Fantin-Latour, kutazama kitu, kukiacha, kisha kukichora bila kukiona tena. Walianza na maumbo mepesi na kupanda ngazi kidogo kidogo. Mbio zinafaa sana kwa zoezi la namna hiyo, kwa sababu kitu kinakupita na huwezi kukirudia.

Fanya hivi. Theluthi mbili za kwanza za njia usitafute chochote, kimbia tu. Katika theluthi ya mwisho chagua kitu kimoja. Hatusemi mandhari, tunasema kitu: mti ulioinama, jiwe lenye kivuli, kona ambapo njia inapotelea. Kwa mwendo wa dakika 6 kwa kilomita unakwenda karibu mita 2.8 kwa sekunde, kwa hiyo kitu kilicho mita 40 mbele yako unacho kwa sekunde 14 hivi. Ni muda wa kutosha kujibu maswali matatu, na yafuate mpangilio huu. Kwanza, umbo lake la nje likoje, na upana wake unaingia mara ngapi katika urefu? Pili, mwanga unatoka upande gani, na sehemu yenye giza kuliko zote iko wapi? Tatu, kilicho nyuma ya ukingo wake ni cheupe zaidi au cheusi zaidi kuliko chenyewe? Majibu yaseme kwa maneno, hata kwa kunong'ona: "urefu mara tatu ya upana, umelalia kushoto, shina jeusi mbele ya nyasi nyeupe." Ukishakipita usigeuke. Baada ya mita 100 rudia maneno yale kichwani, halafu yarudie tena ukikaribia kumaliza. Kule kukumbuka tena na tena ndiko kunakokifunga kitu kichwani, hata kuliko kule kukitazama.

Ukimaliza, tembea dakika 5, kunywa maji, kisha chora kabla ya kuoga na kabla ya kugusa simu. Simu ndiyo mwizi mkubwa hapa: picha tatu za watu wengine zinatosha kufuta ya kwako. Uwe umeshaandaa kisanduku cha sentimita 5 kwa 7 kwenye karatasi. Tumia penseli ya 2B (B ni alama ya penseli laini na nyeusi, H ya ngumu na hafifu; namba ikikua, sifa hiyo inazidi), bila kifutio, kwa dakika 10. Usipokumbuka sehemu, iache wazi. Hili wengi hawalitii. Wanajaza pengo kwa mti wa kawaida, ule waliouchora tangu shule ya msingi, na mchoro unaonekana umekamilika kumbe haukufundisha kitu. Pengo linakuambia la kutazama kesho.

Baada ya siku mbili pita palepale, na safari hii simama dakika nzima. Ukirudi, sahihisha mchoro uleule kwa penseli nyekundu. Baada ya wiki nne hivi panga michoro yako mezani uangalie wekundu tu. Utakuta kosa lilelile limejirudia: labda kila mti umeupanua kichwa, au kila shina umelifanya jembamba mno.

Kwa kuwa unakimbia msituni, kuna kanuni moja ya Leonardo da Vinci itakayokuokoa kumbukumbu inapokwama kwenye matawi. Aliandika kwamba matawi yote ya mti, kwa kimo chochote, yakiunganishwa unene wake hulingana na wa shina lililo chini yao. Unene hapa ni eneo la mkato wa shina, si upana wake. Kwa mchoraji maana yake ni hii: shina la milimita 10 likigawanyika matawi mawili yaliyo sawa, kila tawi litakuwa na karibu milimita 7. Wengi huchora milimita 5, au hata 3, kwa kudhani kugawanyika ni kukata nusu ya upana. Mti wa namna hiyo huonekana kama ufagio uliosimikwa.

Nikimaliza kukimbia mkono unatetemeka na mistari inakuwa kama ya mtoto. Nisubiri kwa muda gani?
*Mwenye mkono wa jeli*

Pima kwa pumzi yako, usipime kwa saa. Ukiweza kupumua kwa pua na kusema sentensi ndefu bila kukata, mkono nao uko karibu kutulia. Baada ya mbio nyepesi huwa ni dakika 5 hadi 10. Baada ya mbio kali za mlimani inaweza kuchukua nusu saa.

Kila mkono hutetemeka kidogo muda wote. Mbio zinaongeza mtetemo huo kwa njia kadhaa: adrenalini bado imo mwilini, misuli imechoka, na pengine umekimbia bila kula wala kunywa. Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii, nayo ni ngumi. Ukikimbia umekunja vidole kwa nguvu kwa dakika 40, misuli ya kigasha inamaliza safari imechoka kabla hata hujashika penseli. Kimbia vidole vikiwa vimelegea, kana kwamba umebeba yai. Kila kilomita teremsha mabega na ukung'ute mikono mara moja.

Wakati unasubiri huna haja ya kukaa bure. Chukua penseli ya mkaa au ya 6B na karatasi ya A3, uishike penseli kwa ubavu na mbali na ncha, uchore kwa kuzungusha bega. Mtetemo uko kwenye vidole na kifundo cha mkono. Ukichora kwa bega hauonekani. Ni wakati mzuri wa kupanga maeneo ya giza na mwanga. Vitu vidogo vingoje.

Ila kama mkono unatetemeka hata siku ambazo hukukimbia, hilo mpelekee daktari.

Milima yangu yote hutoka kama meno ya papa. Nikilinganisha na picha naona mlima halisi ni wa kawaida kabisa. Nakosea wapi?
*Mpanda vilima*

Si wewe peke yako, na kosa lenyewe lina historia ya kupendeza. Mwaka 1995 Dennis Proffitt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwauliza watu waliosimama chini ya vilima wakadirie mteremko. Kilima cha nyuzi 5 kilikadiriwa kuwa karibu nyuzi 20, na cha nyuzi 10 karibu nyuzi 30. Waliopimwa wakiwa wamechoka kwa kukimbia waliona vilima vimezidi kuwa vikali. Watafiti wengine baadaye wamebishania sababu, hasa hilo la uchovu. Lakini kwamba binadamu huona mteremko mkali kuliko ulivyo, hilo limesimama.

Kwa hiyo ukikaa kuchora mlima ambao umetoka kuupanda, usiliamini jicho. Pima.

Nyoosha mkono mpaka kiwiko kifunge, fumba jicho moja, shika penseli ikiwa imelala sawa na upeo wa macho. Kisha iinamishe taratibu mpaka ilingane na ukingo wa mlima, uishushe hadi kwenye karatasi bila kukunja kifundo cha mkono. Wanaokosea hapa huielekeza penseli kwenye mlima, ncha ikatazama mbele. Penseli lazima ibaki kama imelala juu ya kioo cha dirisha lililo mbele yako. Njia nyingine ni kufikiria uso wa saa ya mshale: kila dakika ni nyuzi 6. Ukingo unaopanda kwa dakika mbili tu, kutoka alama ya 15 hadi ya 13, ni nyuzi 12, na mguuni huo tayari ni mteremko wa kukutoa jasho.

Kisha pima uwiano wa mlima mzima. Ngumi kwenye mkono ulionyooshwa inafunika karibu nyuzi 10, kidole cha shahada karibu 2. Tuseme mlima wako una upana wa ngumi tatu na kimo cha vidole viwili. Hizo ni nyuzi 30 kwa 4, yaani upana ni mara saba na nusu ya kimo. Kwenye daftari la A5 lililolazwa, ukiupa mlima sentimita 18 za upana, kimo chake ni sentimita 2.4. Tunajua utakachofanya ukifika hapo: utaona aibu kwa kilima kidogo namna hiyo, utaongeza. Usiongeze. Punguza upana: chagua ngumi moja tu ya mlima, ile yenye kilele, uipe ukurasa mzima. Uwiano utabaki wa kweli na kilele kitapata nafasi.

Jambo la mwisho. Mteremko halisi unaonekana ukiwa umeutazama kwa ubavu. Ukiutazama uso kwa uso, njia yote ya kilomita mbili inajikunja ikawa ukanda mwembamba uliosimama, na mchoraji huuchora kama ukuta. Suluhisho si kivuli. Tafuta vitu vinavyojulikana ukubwa, kama miti au nguzo za uzio, uone vinavyopungua kadiri vinavyopanda. Mti wa milimita 12 chini na wa milimita 2 juu utaulaza mteremko kuliko saa nzima ya kupaka.

Nina penseli tu, sina rangi. Nifanyeje milima ya mbali ionekane iko mbali?
*Mchoraji wa penseli*

Hewa iliyo kati yako na mlima ina mwanga wake. Inatawanya zaidi mwanga wa buluu, kwa hiyo kila kitu chenye giza kikiwa mbali hupauka. Kwa penseli huna buluu, lakini mpauko unao. Gawa mandhari katika tabaka nne: la mbali kabisa kwa 2H, linalofuata HB, kisha 2B, na la karibu 4B. Anza na la mbali. Ukianza na la karibu, jicho litakuwa limezoea weusi na utayazidishia giza ya mbali.

Kila tabaka lifanye lenye giza zaidi juu, kwenye ukingo, na lipauke kuelekea chini, kwa sababu mara nyingi ukungu na vumbi hukaa mabondeni. Hapo ukingo wa tabaka la mbele utajichora wenyewe dhidi ya weupe ulio nyuma yake, na hutahitaji mstari. Mstari mzito kuzunguka mlima wa mbali ndio unaoua umbali.

Ni vifaa gani hasa nibebe kwenye matembezi ya siku nzima? Wenzangu wananicheka kwa begi langu.
*Punda wa sanaa*

Wana haki ya kucheka. Vifaa vyote vya kuchorea visizidi nusu kilo, vinginevyo kufikia saa ya tatu ya safari utakuwa unatafuta sababu ya kutovitoa.

Daftari la A5 lenye jalada gumu, karatasi ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba. Inabeba penseli, wino na rangi ya maji iliyopakwa mara moja; ukitaka kulowesha sana, ni gramu 300, nayo ni nzito. Penseli mbili, HB na 2B. Acha 6B nyumbani: kurasa zinasuguana kwa kila hatua na ukifika weusi wote umehamia ukurasa wa pili. Kalamu moja ya wino usioyeyuka kwa maji, ya milimita 0.3. Kichongeo chenye kikasha cha kutunzia taka zake. Vibanio viwili vya kushikilia kurasa, kwa sababu upepo wa kileleni hauulizi. Ukitaka rangi, vidonge 6 vinatosha pamoja na brashi yenye maji ndani ya mpini: njano, nyekundu ya joto, nyekundu ya baridi, buluu mbili, na kahawia iliyoiva. Kijani utachanganya, tena kitakuwa bora kuliko cha dukani, ambacho huwa kikali kuliko majani yenyewe.

Kalamu ya wino ya kujaza ina tabia yake mlimani. Ukipanda, shinikizo la hewa ya nje linapungua, hewa iliyo ndani ya kalamu inatanuka na kuusukuma wino utoke. Ibebe ikiwa imejaa kabisa, au tupu kabisa, ncha ikitazama juu, na uifungue mara ya kwanza juu ya kitambaa.

Daftari liwe ndani ya mfuko wa plastiki, lakini lisikae ule upande wa begi unaogusa mgongo. Jasho hupenya, na karatasi iliyonyonya jasho kidogo haionekani imelowa mpaka utakapopaka rangi ikaenea kama madoa.

Vitu viwili ambavyo watu hawavihesabu kuwa vifaa vya sanaa: kipande cha sponji cha kukalia na fulana kavu. Joto la hewa hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1000 unazopanda. Umefika juu umelowa jasho, unakaa kimya dakika 25, jiwe linakunyonya joto kwa chini na upepo kwa mgongoni. Mchoro unaanza vizuri na kumalizika vibaya, na mchoraji analaumu kipaji chake. Badili fulana *kabla* ya kufungua daftari.

Miwani ya jua ivue unapochanganya rangi, maana kioo chake kinabadilisha kila unachokiona. Kama ukurasa unang'aa mno, geuka ili kivuli cha mwili wako kiufunike. Ukichora kwenye ukurasa unaopigwa na jua moja kwa moja utaweka giza kupita kiasi, utashangaa ukifika ndani ya nyumba.

Mume wangu ananisindikiza milimani lakini hukasirika nikisimama kuchora. Nifanyeje?
*Mke wa mwenye haraka*

Dada, kinachomkasirisha huenda ni kutojua utamaliza lini. Mpe hesabu kabla hamjatoka.

Tumia kanuni ya mwaka 1892 ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith. Kwa vipimo vya leo ni saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mita 600 za kupanda ni saa 2 na dakika 24, jumlisha saa 1: saa 3 na dakika 24. Hizo ni za kutembea tu. Ongeza vituo vitatu vya dakika 5 na kimoja cha dakika 25, jumla dakika 40. Mwambie safari nzima itachukua saa 4 na dakika 4. Kituo kirefu kiweke pamoja na kula: yeye atakuwa na kazi ya mdomo, wewe ya mkono.

Vile vya dakika 5 visiwe michoro midogo ya mandhari nzima. Kimoja kiwe mstari wa milima tu, kingine mpango wa giza na mwanga kwa rangi tatu, yaani nyeupe ya karatasi, kijivu na nyeusi, na cha tatu kitu kimoja kilicho karibu na mguu. Kile cha dakika 25 anza na vivuli. Jua linahama nyuzi 15 kwa saa, na ukiviacha vivuli mwisho utachora vya saa nyingine. Vizungushie mistari katika dakika tano za kwanza, na usivisogeze tena hata vikihama mbele ya macho yako.

Na iwe sheria kwenu wote wawili: penseli haitoki kabla mtu hajakaa. Mchoraji aliyesimama hupiga hatua nyuma kuitazama kazi yake. Sebuleni haina madhara, ukingoni mwa mwamba ni hatari.

Nachora wakimbiaji wenzangu lakini wanaonekana kama sanamu, au kama watu wanaoanguka. Picha za simu hazinisaidii.
*Mwenye mbio za karatasi*

Usione haya, hata mabingwa walikosea. Mchoraji Mfaransa Théodore Géricault, mwaka 1821, alichora farasi wa mashindano wakiwa hewani, miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma. Mwaka 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge akawapiga farasi picha za mfululizo, ikaonekana farasi akikimbia huacha ardhi pale miguu inapokuwa imekunjwa chini ya tumbo. Jicho hubuni lisichoweza kukamata.

Kwa binadamu angalia mambo haya. Mkono wa kulia huenda mbele pamoja na mguu wa kushoto. Ukiwakosea hapa tu, mkimbiaji anageuka kikaragosi. Mwili huinama kutoka kwenye kifundo cha mguu. Ukimkunja kiunoni, huyo anaanguka. Chora kwanza mstari mmoja kutoka kisigino cha mguu unaosukuma, kupitia nyonga, hadi sikioni, na kila kitu kingine kining'inize juu ya mstari huo. Mguu wa mbele unapotua, goti lina mkunjo na unyayo hauko mbali sana mbele ya nyonga. Wachoraji hupenda kuunyoosha mguu huo mbele kabisa, ndipo mkimbiaji anapoonekana amefunga breki.

Halafu kivuli. Katika kukimbia kuna muda miguu yote miwili iko hewani. Katika kutembea hakuna. Acha nafasi nyeupe kati ya unyayo na kivuli chake, na msomaji wa mchoro atajua anakimbia hata kama mikono umeikosea.

Zoezi: kaa mahali wanapozunguka, ili wakupite tena na tena. Chagua tukio moja tu, mathalani goti la mbele linapofika juu kabisa. Mkimbiaji akifika hapo, fumba macho mara moja. Ile picha ya mwisho hubaki kwa sekunde mbili tatu. Ichore kwa mistari isiyozidi 7 ndani ya sekunde 10. Wanaojaribu kufuata mwendo wote hupata ukungu. Picha ya simu inagandisha tukio lolote, mara nyingi lile baya ambalo halina mwendo, na ndiyo maana haikusaidii.

Je, ni kweli kwamba kutembea huleta mawazo ya kuchora, au ni maneno ya watu wa mazoezi?
*Mwenye shaka*

Kuna ushahidi, ingawa una mipaka. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba watu wanaotembea hutoa mawazo mapya mengi kuliko walioketi. Ilitokea hata kwa waliotembea kwenye mashine ndani ya chumba, wakitazama ukuta mtupu, na manufaa yaliendelea kidogo walipoketi baadaye. Lakini kwa maswali yenye jibu moja tu sahihi, kutembea hakukuwasaidia.

Kwa hiyo panga kazi. Swali la "nichore nini, na kwa namna zipi tofauti?" lipeleke barabarani. "Je, mkono huu ni mrefu mno?" libaki mezani. Na ukirudi andika au chora mawazo yako ndani ya dakika chache, vipande vidogo 6 hadi 8 kwenye ukurasa mmoja, kabla hujaanza kuchambua lipi ni zuri.

Kuna ubaya gani nikipiga picha na kuchora nyumbani?
*Asiye na subira*

Hakuna ubaya, mradi upige *baada* ya kuchora. Ukishapiga, jicho hujiona limemaliza kazi. Jua pia makosa ya kamera: lenzi ya kawaida ya simu ni pana, inasukuma milima nyuma na kuikuza njia iliyo miguuni pako. Vivuli inavifanya vyeusi tititi, au mawingu inayafanya meupe matupu. Andika pembeni mwa skechi yako saa, upande wa jua na upepo. Mchoraji Mwingereza John Constable alipochora mawingu ya Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822 aliandika mambo ya namna hiyo nyuma ya michoro, na hiyo ni taarifa ambayo picha yako haina.

Mvua imenikuta, daftari limelowa. Kuna la kuokoa?
*Aliyenyeshewa*

Lipo, ukiacha papara. Usifungue kurasa zilizogandana kwa nguvu. Zisubiri zianze kukauka zenyewe pembezoni. Weka karatasi ya kunyonya kila baada ya kurasa tano, funga, laza daftari chini ya uzito wa kilo mbili tatu, ubadilishe zile karatasi kila baada ya saa chache siku ya kwanza. Usilianike juani wala karibu na moto, litajikunja na halitarudi. Penseli na wino usioyeyuka vitabaki. Rangi ya maji itakuwa imehama. Acha ikauke kabisa kabla ya kuamua kama umepoteza mchoro au umepata mwingine.

Na kama bado uko njiani na ukurasa una unyevu, usitumie penseli ngumu, ncha yake itachimba mtaro kwenye karatasi na mtaro huo hauziki kwa rangi yoyote. Kalamu ya kawaida ya wino wa mafuta inaandika vizuri kwenye karatasi yenye unyevu kidogo. Ibebe hata kama huipendi.